Maji hayafiki juu: kutafuta kosa kwenye raiza ya jengo la maegesho

Afande alikuwa ameshika nozeli juu ya paa, ghorofa ya sita, mimi nikiwa chini karibu na gari la zimamoto. Redio ikakoroma: "Fundi, huku unatoka upepo mtupu." Tukangoja. Upepo ukaleta vumbi la kutu, kutu ikaleta matone, na mwishowe ukaja mkondo wa kutosha kunawa mikono. Kabla haujapata nguvu, tangi la gari likakauka. Lilikuwa jengo la maegesho katikati ya Kampala, michoro yake ina mihuri yote inayotakiwa, na kurasa mbili za michoro hiyo nilichora mimi.

Tangu siku ile nimeitwa kwenye majengo mengine yenye malalamiko ya namna hii. Dalili huonekana juu, kwa yule aliyeshika mpira. Chanzo hukaa chini, na mara nyingi kilizaliwa mezani kabla hata msingi haujachimbwa. Ndiyo maana nitazipitia dalili kama zinavyojitokeza siku ya jaribio, lakini dawa nyingi zitamrudia mchoraji.

Maneno kwanza, tusije tukagombana. Raiza ni lile bomba la chuma linalopanda kupitia ghorofa zote, lenye vali kila ghorofa ya kufungia mpira wa zimamoto. Raiza kavu haina kitu ndani mpaka gari lije lisukume maji kupitia mdomo ulio ukutani nje. Raiza ya maji imejaa muda wote. Presha nitaitaja kwa baa, ile ya kwenye geji, si ile ya Kabalagala, mtaa wa vinywaji hapa Kampala. Na vipimo vyetu hutoka kwenye kanuni mbili za raiza: NFPA 14 ya Marekani na BS 9990 ya Uingereza. Kuna washauri wanaochanganya zote mbili kwenye ukurasa mmoja, huko tutafika.

Mkondo ni dhaifu ghorofa ya juu

Usianze kwa kulaumu gari. Shika kalamu. NFPA 14 inataka baa 6.9 kwenye vali ya milimita 65 iliyo mbali kuliko zote, raiza hiyo ikitoa lita 1,893 kwa dakika. Kila mita 10 za kupanda hula karibu baa 1. Kwenye jengo letu vali ya mwisho ilikuwa mita 16 juu ya mdomo wa kuingizia maji: baa 1.6. Mpaka hapo mambo ni mazuri, na hapo ndipo wengi wetu huacha kuhesabu, kwa sababu tumezoea majengo ya ofisi ambako bomba huingia mlangoni na kupanda moja kwa moja.

Jengo la maegesho ni pana na fupi. Bomba hutambaa chini ya slabu, hukwepa boriti, huzunguka rampu, ndipo lipande. La kwetu lilitambaa mita 100 kabla ya kufika ngazi ya nyuma. Bomba la inchi 4 ambalo ndani limeanza kukwaruza hupoteza karibu baa 2.3 katika mita hizo 100 kwa mtiririko niliotaja. Weka nusu baa ya viwiko na vali. Sasa jumlisha: 6.9, 1.6, 2.3 na 0.5. Ni baa 11.3 kwenye mdomo wa nje, na bado hujahesabu mipira kutoka kwenye gari hadi ukutani. Pampu nyingi za magari ya zimamoto hupimwa uwezo wake kwenye baa 10. Tulikuwa tumechora jengo ambalo gari la zimamoto haliwezi kulihudumia hata likinguruma mpaka asubuhi.

Badili sehemu ile inayotambaa iwe inchi 6, upotevu wa mita 100 unashuka hadi karibu baa 0.3 na jumla inakuwa 9.3. Bomba linalopanda linaweza kubaki inchi 4. Kama jengo limekwisha kusimama, kung'oa bomba chini ya slabu ni gharama ya kumfanya mwenye mali akufukuze. Afadhali kutoboa mdomo wa pili upande wa nyuma, karibu na raiza iliyo mbali, na kuziunganisha raiza zote kwa chini. Lakini hakikisha gari linaweza kufika huo upande wa nyuma. Nimeona mdomo wa pili uliowekwa kwenye uchochoro ambao hata boda hupita kwa kubembeleza.

Kuna namna rahisi ya kujua kama kosa ni la hesabu au ni la kitu kilichokwama. Weka geji mbili, moja kwenye mdomo wa nje, nyingine juu. Bomba likijaa na nozeli ikiwa imefungwa, tofauti ya geji hizo iwe kimo tu. Kwa jengo letu baa 1.6. Ikizidi hapo, geji moja inadanganya. Kisha fungua nozeli, maji yaende, usome tena. Tofauti ikikua kulingana na hesabu yako ya msuguano, bomba ni jembamba. Ikikua mara mbili ya hesabu, kuna vali iliyofunguliwa nusu au kitu kimelala ndani. Siku moja tulitoa kipande cha gunia la saruji na glavu ya mchomeleaji kwenye kiwiko kimoja. Glavu ilikuwa bado nzima.

Upepo mrefu kabla ya maji

Hapa ndipo dawa ya kwanza inapolea ugonjwa wa pili. Bomba la inchi 6 hubeba karibu lita 18.6 kila mita, la inchi 4 karibu lita 8.2. Mita 120 za inchi 6 pamoja na raiza mbili za inchi 4 hunywa karibu lita 2,500 kabla tone la kwanza halijafika kwa askari. Gari lililokuja na lita 5,000 limeshatoa nusu yake kujaza chuma.

Hewa nayo inahitaji mahali pa kutokea. Kama hakuna vali ya kutoa hewa kwenye kilele cha kila raiza, hewa yote inasubiri nozeli ya afande. Na bomba lililopanda juu ya boriti kisha likashuka tena huacha kibindo cha hewa pale mgongoni. Hicho hakiondoki, kitapunguza maji kila siku na kufanya geji icheze kama sindano ya redio ya zamani. Chora bomba lipite chini ya boriti lote. Kama kimo cha magari hakiruhusu, weka vali ya hewa kwenye kila mgongo.

Lakini haya yote ni kutibu kikohozi. Swali la kuuliza ni kwa nini bomba liko tupu.

Bomba liko tupu kwa sababu gani?

Niliwauliza wabunifu kadhaa, na nilijiuliza mwenyewe. Jibu la kweli ni kwamba tulinakili. Katika nchi za baridi, maegesho yaliyo wazi pembeni hupigwa na upepo wa kugandisha. Maji yakiganda bombani hupasua chuma. IBC, kanuni ya majengo ya Marekani, inataja wazi kwamba raiza kavu inaruhusiwa katika maegesho ya wazi yanayopatwa na baridi ya kugandisha. Ni busara kwa Chicago. Kampala iko karibu na ikweta, na hata asubuhi ya baridi kali ya Julai maji hayafikirii kuganda. Barafu yetu iko Rwenzori, na huko hakuna maegesho.

Waingereza wana sababu yao nyingine. BS 9990 inakubali raiza kavu kwa majengo ya mita 18 hadi 50, na zaidi ya hapo inataka ya maji. Wanajua gari likifika litakuta haidranti, yaani koki ya zimamoto ya mtaani, yenye maji. Wewe umeifungua lini haidranti iliyo mbele ya jengo lako? Sisemi umeiona kwenye ramani. Umeifungua kwa ufunguo, maji yakatoka, ukayapima? Kama hujafanya hivyo, usiihesabu.

Kwa hiyo mimi siku hizi, jengo la maegesho likiwa la kawaida lisilo na pampu, nachora raiza iliyojaa maji wakati wote, ikilishwa na tangi dogo la juu ya ngazi kupitia vali ya kuzuia maji kurudi. Tangi hilo halizimi moto. Kazi yake ni kuhakikisha chuma kimejaa. Nguvu inaletwa na gari. Askari akifungua vali, maji yapo, hewa haipo, na lita 2,500 za gari zimeokolewa.

Kisha chini naweka tangi kubwa lenye mdomo wa kunyonyea, gari lisimame hapo na kuvuta. NFPA 14 inahesabu dakika 30. Raiza moja kwa lita 1,893 ni karibu mita za ujazo 57. Raiza ya pili huongeza lita 946 kwa dakika, jumla inafika 85. Mwenye jengo ataguna, maana hizo ni nafasi za magari kadhaa anazozihesabu kwa shilingi kila mwezi. Mwonyeshe hesabu ya pili: gari lenye lita 5,000, likitoa lita 1,893 kwa dakika, linakwisha kabla ya dakika 3.

Maji yanamwagika ghorofa ambako hakuna mtu

Unasukuma kwa ajili ya ghorofa ya sita, maji yanaoga magari ya ghorofa ya pili. Ama vali iliachwa wazi, ama haipo kabisa. Shaba ina soko, na vali ya zimamoto ni kilo kadhaa za shaba inayoning'inia kwenye jengo lenye giza. Katika raiza kavu mwizi anafungua kwa spana, anaondoka, na hakuna anayejua mpaka siku ya moto. Katika raiza ya maji anaoga yeye kwanza, na mlinzi anasikia. Hii ni sababu ya kujaza bomba ambayo hutaikuta kwenye kitabu chochote cha Marekani, ila kwangu ina uzito kuliko zote.

Ukilazimika kubaki na raiza kavu, weka vali ndani ya kisanduku chenye kioo cha kuvunja, na mlinzi apite kila wiki akizishika kwa mkono, moja moja.

Nozeli inaziba kutu

Chuma kilichojaa maji hutumia oksijeni iliyomo, kisha kutu hupungua kasi. Chuma kikavu kabisa kinavumilia. Kinachooza ni bomba lenye maji kidogo chini na hewa juu, yaani raiza kavu iliyojaribiwa na haikumaliza kumwaga maji. Bomba linalotambaa lichorwe na mteremko kuelekea koki ya kumwagia, na koki hiyo iwe mahali ambapo mtu atafika bila ngazi. Basi.

Mpira unamtupa askari

Hii ni dalili ya majengo yenye besimenti za maegesho chini na ofisi au hoteli juu, pampu moja ikihudumia wote. Pampu imechaguliwa kwa ajili ya ghorofa ya mwisho: kimo cha mita 60 ni baa 6, ongeza 6.9, ongeza msuguano, unafika 14. Besimenti ya tatu, mita 10 chini ya pampu, inapata 15. NFPA 14 inataka kifaa cha kupunguza presha pale presha tuli, yaani ya maji yaliyosimama, inapozidi baa 12.1 kwenye vali ya milimita 65. Kwa hiyo kila ghorofa ya chini inapewa vali ya kupunguza, na kila moja ina mpangilio wake.

Kosa la saiti ni kwamba vali hizo zinafanana. Zikifika kwenye boksi moja, fundi anafunga ya besimenti ya tatu kwenye ghorofa ya nane na ya ghorofa ya nane besimenti. Chini mpira unaruka kama nyoka, juu maji hayatoki. Usidhani ni mzaha. Tarehe 23 Februari 1991 jengo la One Meridian Plaza huko Philadelphia, la ghorofa 38, liliwaka kuanzia ghorofa ya 22. Vali za kupunguza presha zilikuwa zimepangwa chini mno, mikondo ya askari ikawa haina nguvu, na askari watatu wa zimamoto walikufa. Moto ulizuiwa ghorofa ya 30, na springla 10, vile vinyunyizio vya maji vya darini. Andika namba ya ghorofa kwenye kila vali kwa rangi kabla haijatoka stoo, na ujaribu kila moja maji yakitiririka. Presha tuli peke yake haikuambii kitu. Kwa jaribio hilo unahitaji bomba la kumwagia linalopita sambamba na raiza. Ukilisahau kwenye mchoro, hakuna atakayejaribu, maana hakuna anayetaka kumwaga lita elfu moja sakafuni.

Pampu inanguruma, geji imelala

Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Mombasa hewa inaweza kusukuma maji mita 10.3 ndani ya bomba lisilo na hewa. Kwetu ni karibu mita 9, na ukitoa msuguano na upungufu wa pampu yenyewe hubaki kidogo. Kwa hiyo tangi lililo chini ya pampu, ambalo lingefanya kazi kwa taabu pwani, hapa pampu inatafuna hewa. NFPA 20, kanuni ya Marekani ya pampu za zimamoto, haikubali kabisa pampu ya zimamoto ya mlalo ivute maji kutoka chini yake. Weka tangi juu ya shingo ya pampu, au tumia pampu ya wima inayozama. Vali ya chini, ile ya mwisho wa bomba la kunyonyea inayozuia maji kurudi tangini, ikivuja ni ugonjwa wa kila mahali. Ukiona pampu inaanza vizuri Jumatatu na kushindwa Ijumaa, ni hiyo.

Injini ya dizeli nayo hukosa pumzi juu. NFPA 20 inakata asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 hivi zinazozidi mita 91 za kwanza. Kwa Kampala ni karibu asilimia 11, kwa Kabale iliyo mita 2,000 ni karibu 19. Injini iliyonunuliwa kwa kusoma kibandiko cha kiwandani itazunguka, itanguruma, na haitafika.

Pampu ya umeme ichukue waya wake kabla ya swichi kuu ya jengo. Moto ukianza, mtu wa kwanza mwenye akili atakimbilia kuzima swichi kuu, na kama pampu iko nyuma yake, ameizima pia.

Koplingi haingii

Koplingi ni kile kiungo cha kufungia mpira kwenye vali. Mchoro wa NFPA 14 huleta vali yenye nyuzi za Marekani. Mchoro wa Kiingereza huleta koplingi ya kubofya. Vyote viwili ni milimita 65 au karibu yake, na haviingiliani hata ukipiga nyundo. Usikisie. Zimamoto wetu wako chini ya polisi: chukua koplingi moja, nenda kituoni, salimia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kinachosikika kambini, na ujaribu kwenye mpira wao. Itakuchukua nusu saa. Waulize pia mipira yao ina mita ngapi, kisha rudi ukatembee jengoni na kamba ya urefu huo, ukipita kati ya magari yaliyoegeshwa kama askari atakavyopita. Mstari mnyoofu wa kwenye karatasi unapita juu ya boneti za watu. Na vali ziweke ndani ya ngazi au kwenye mlango wake. Iliyo kwenye nguzo kati ya maegesho mawili itazibwa na gari la Noah siku hiyohiyo, au itagongwa nayo.

Mdomo wa nje una adui zake: stendi ya boda, ufunguo wa kisanduku ulioondoka na mlinzi, banda la rolex, chapati ya mayai, lililojenga kiota mbele yake. Katika jengo letu lilikuwa banda la rolex. Mama mwenye banda alisogea mita tatu bila ugomvi baada ya kuonyeshwa kile kilichokuwa nyuma ya mfuko wake wa unga. Alikuwa akidhani ni koki ya jengo iliyokufa.

Kwa raiza yenyewe, mwenye mali alikataa bomba la inchi 6, kama nilivyotarajia. Alikubali mdomo wa pili upande wa nyuma, vali za hewa juu ya raiza zote mbili, na kujaza bomba maji. Tulilipima kwanza kwa baa 13.8 kwa saa mbili, kiungo kimoja kikatoa jasho, kikafungwa upya, tukarudia saa mbili nyingine. Kisha gari likaja tena, na afande yuleyule akapanda juu. Sikusubiri hata nusu dakika. Redio ikakoroma: "Fundi, punguza, umenilowesha mpaka viatu."